Ukitaka kuingia kwenye kolagrafu, anza na bamba la majaribio

Wasanii wenzangu wanaoniuliza kuhusu kolagrafu huanza na mashine ya kuchapia: inapatikana wapi, inauzwaje, ya mtumba inafaa? Ni swali la haki, nitalifikia. Ila ushauri wangu wa kwanza kwa kila mmoja ni kwamba, kabla hujachora picha yoyote, tengeneza bamba la majaribio na ulichape. Humo ndimo utakamojifunzia kazi yenyewe.

Kwa asiyeifahamu: kolagrafu ni uchapaji wa bamba la kubandika. Unachukua kadibodi ngumu, unabandika vitu juu yake kwa gundi, unaikata na kuimenya kwa wembe, unaipaka vanishi, unaipaka wino, unafuta, kisha unaipitisha kwenye mashine pamoja na karatasi iliyoloweshwa. Hakuna asidi wala shaba. Glen Alps, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, ndiye aliyeipa jina na kuieneza miaka ya 1950, na tangu hapo imependwa sana na wasanii wasio na fedha za mabamba ya chuma.

Kanuni inayoendesha kila kitu ni hii. Panapoteleza na kung'aa, wino hufutika, hivyo hutoka peupe. Panapokwaruza, wino hung'ang'ania, hivyo hutoka peusi. Gundi nyeupe ya seremala iliyokauka vizuri hutoa weupe. Kadibodi tupu yenye vanishi hutoa kijivu hafifu. Kadibodi iliyomenywa ngozi ya juu hutoa kijivu kilichokolea, chenye nyuzinyuzi kidogo. Msasa hutoa weusi, na kadiri chembe zake zilivyo kubwa ndivyo wino unavyojaa zaidi. Atakaye weusi tii, wa mahameli, huchanganya unga wa kaborandamu, yaani chembe ngumu kama zile za msasa, na gundi, akapaka kwa brashi pale anapopataka.

Ukiisoma tu utaona ni rahisi, lakini macho hudanganya. Niliwahi kubandika kipande cha chandarua kwenye bamba la picha ya wavuvi wa Kunduchi, nikitaka wavu mweusi juu ya maji meupe. Kwenye bamba ulionekana hivyo hasa. Kwenye karatasi, nyuzi zilitoka nyeupe na matundu ndiyo yaliyokuwa meusi, kwa sababu nyuzi zimeinuka na kitambaa huzifuta, wakati wino umelala salama ndani ya kila tundu. Nilipopitisha rola yenye wino juu ya bamba lilelile bila kulifuta, mambo yakageuka: nyuzi nyeusi, matundu meupe. Kitu kimoja, picha mbili zinazopingana. Hayo huwezi kuyakisia ukiwa umekaa na penseli.

Kwa hiyo kata kadibodi ya ukubwa wa daftari, igawe miraba, na kila mraba upe kitu kimoja: gundi iliyopakwa kwa brashi ngumu ikaacha mistari, msasa laini na msasa mkali, gunia, lasi, uzi wa katani, selotepu ya karatasi, karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, plasta ya kusawazishia ukuta kabla ya rangi, mchanga uliooshwa kwa maji baridi na kuchekechwa kwa chujio la chai. Mraba mmoja uache mtupu na mwingine umenye. Kumenya ndiko ninakokupenda kuliko vyote: unapitisha wembe kwa wepesi bila kukata mpaka chini, unainua ukingo kwa ukucha, na ngozi ya juu inatoka kipande kizima, ikiacha sehemu yenye manyoya unayoisikia kwa kidole. Nyuma ya bamba andika kila mraba una nini. Usisubiri, utasahau.

Kitu chochote kisizidi milimita 2 hivi kwenda juu. Kijiti cha jani kikiwa kinene, karatasi hupasuka, na kitambaa hakifiki penye shina lake, hivyo wino hujikusanya pale ukaacha doa. Majani yapige pasi kwanza kati ya magazeti, na vijiti vinene vichonge.

Vanishi ipake pande zote mbili na kingo, la sivyo kadibodi itanywa maji ya karatasi na mafuta ya wino, ivimbe. Mipako miwili myembamba inatosha. Ya tatu na ya nne huanza kuziba manyoya yale ya sehemu uliyomenya, na kijivu chako kinapauka. Dar wakati wa masika mimi huliacha bamba lilale usiku kucha hata kama mkono unaniambia limekauka. Bamba ambalo bado linanata hung'ang'ania karatasi na kuichana.

Wino uwe wa mafuta, mzito. Ukiwa mgumu mno, tia tone la mafuta ya kitani. Usukume ndani ya kila ufa kwa vipande vya kadibodi na mswaki wa zamani, kisha ufute kwa kitambaa cha wavuwavu kilichotiwa wanga, kwa mizunguko midogo, bila kukandamiza. Malizia kwa kipande cha gazeti chini ya kiganja kilichonyooka, sehemu zile tu unazotaka ziwe nyeupe. Hatua hii huamua picha kuliko mchoro. Bamba lilelile, mikono miwili tofauti, huleta mchana na magharibi.

Karatasi nzuri ni ya pamba, gramu 250 mpaka 300 kwa mita ya mraba. Iloweshe dakika 20 hadi 30, ikaushe kati ya taulo mpaka isimetemete tena.

Sasa mashine. Kwa rola na mgongo wa kijiko unaweza kuchapa sehemu zilizoinuka, na ni mazoezi mazuri. Lakini vijivu nilivyovieleza viko ndani ya mashimo, na bila mgandamizo wa mashine havitoki. Msinunue mmoja mmoja. Jiungeni wachache, au ombeni siku kwenye kituo cha sanaa au chuo chenye mashine, mwende na mabamba yaliyokwisha kukauka.

Na kama unaona vifaa hivi vya kuokoteza ni vya kujifunzia tu, tazama kazi za Belkis Ayón wa Havana, aliyezaliwa 1967 na kufariki 1999. Kuba ilipokumbwa na uhaba mkubwa baada ya kuanguka kwa Umoja wa Kisovieti, yeye alikuwa akijenga kolagrafu kubwa, za karatasi kadhaa zilizounganishwa, karibu zote kwa nyeusi, nyeupe na kijivu. Alichapa masimulizi ya Abakuá, chama cha siri cha wanaume chenye asili ya Afrika Magharibi, na humo mwanamke Sikán aliyeuawa kwa ajili ya siri ya samaki mtakatifu. Sura zake hazina midomo, zina macho tu. Vijivu vyake havina idadi, na kila kimoja kimewekwa kwa makusudi. Huyo aliijua kadibodi yake.

Ukishachapa bamba la majaribio, kata miraba ya karatasi uipange kutoka mweupe hadi mweusi, ibandike ukutani unapofanyia kazi. Ndipo uchore, ukiandika juu ya mchoro kila sehemu itabandikwa nini. Toleo lako, yaani idadi ya nakala unazochapa, liwe dogo, kwa maana kadibodi huchoka mapema kuliko shaba, na msasa ndio hutangulia kupauka. Kila ukimaliza, safisha bamba kwa mafuta ya kula na kitambaa laini. Spiriti usiiguse kama vanishi uliyopaka ni ya shelaki, itaiyeyusha.