Sala zikikauka, je, nimepotea njia?

Dada yangu wa Malindi, umeuliza kama ukavu wa sala uliokupata tangu Pasaka, yaani kusali bila kuhisi chochote moyoni, ni dalili kwamba umepotea, na kama ufunge safari ya hija ili uanze upya. Sidhani umepotea, kwa kuwa aliyeiacha njia kwa hiari hasumbuki kuiulizia. Waebrania 11 inawasifu watu waliokufa kabla ya kuzipokea ahadi, wakikiri kuwa ni wageni na wasafiri duniani. Hawasifiwi kwa kujisikia vizuri. Hija ni njema, ila isiwe namna ya kuikwepa jumuiya yako. Kabla ya kutafuta nauli, soma Zaburi 120 hadi 134, zinazoaminika kuimbwa na mahujaji waliopanda kwenda Yerusalemu, moja kila jioni, kwa sauti, hata moyo ukiwa mzito. Utaona kwamba ya kwanza inaanzia katika dhiki ya ugenini, wala si hekaluni. Nenda pia kwenye kanisa dogo la Wareno hapo mjini, linalohusishwa na mmisionari Mtakatifu Francis Xavier, aliyepitia Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India (asubuhi, kabla ya watalii, ndio wakati ninaoupendelea). Ukavu ukifikia kukunyima usingizi na hamu ya chakula, mwone padri wako, na daktari pia.