Maswali ya Wasomaji: Foni ya Baba na Pesa za Simu

SWALI: Bwana Mhariri, baba yangu alifanya biashara kati ya Bukavu na Shabunda wakati wa Zaire, na hadi leo mashine yake ya foni, ile redio ya mawimbi mafupi ya kuzungumza na watu wa mbali, iko chini ya kitanda, imefunikwa kitambaa. Kila tunapozungumza juu ya simu za mkononi hunijibu kwamba hazikuleta jipya, kwa kuwa wao pia walipeana habari na kutumiana pesa, tena kwa uaminifu kuliko sisi. Mimi naona anakuza mambo. Je, ni kweli kwamba pesa zilitumwa kwa foni? Na mashine ile ingali na kazi? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Ni kweli kabisa, ndugu msomaji, na baba yako hakuzi mambo kama unavyodhani.

Simu za waya za posta zilikuwa zimedhoofika sana nchini, na Telecel, kampuni ya simu za mkononi ya Miko Rwayitare iliyoanza Kinshasa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, iliwafaa wakubwa na matajiri peke yao. Shabunda, ambako barabara ilikuwa mbovu na bidhaa nyingi zilipanda ndege ndogo, ilibaki na foni. Mawimbi mafupi ya mashine hiyo hupanda hadi tabaka la juu la angahewa liitwalo ionosfia na kurudishwa chini hata umbali wa mamia ya kilomita, kwa hiyo milima haikuyazuia kama inavyozuia leo mawimbi ya mnara wa simu. Betri ya gari, waya uliotandazwa kati ya miti miwili na saa ya miadi vilitosha. Saa yenyewe ilikuwa muhimu, kwani tabaka hilo hubadilika kati ya mchana na usiku, na masafa yanayosikika vizuri asubuhi huweza kupotea jioni.

Kuhusu pesa, mambo yalikwenda hivi: mtu alimkabidhi mfanyabiashara wa Bukavu noti zake, naye akamwita mwenzake wa Shabunda kwa foni na kumwambia amlipe fulani kiasi fulani. Hakuna noti iliyosafiri. Deni lililobaki kati ya wafanyabiashara hao wawili lilifutwa baadaye kwa mizigo, chumvi na sabuni zikienda, dhahabu au mawese yakirudi.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na mzee. Foni haikuwa na siri: yeyote aliyefungua masafa yale alisikia, na waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu yao walisikia pia, hata habari za msiba ambazo mwenyewe angependa kuzipokea faraghani. Wafanyabiashara walijitungia mafumbo ili kuficha bei, lakini agizo la kumlipa mtu lilisemwa mbele ya mashahidi. Mfanyabiashara aliyelikana kesho yake angekosa wateja pande zote mbili. Uaminifu anaousifu baba yako ulikuwepo, nami siubishi, ila kwa sehemu ulikuwa ni woga wa kusikiwa, na simu ya mkononi imeuondoa woga huo. Leo tapeli humpigia mtu mmoja, sikioni mwake, akimwomba namba ya siri, na hakuna benchi la kumkanya.

Vodacom ilipoanza kazi nchini mwaka 2002, wengi wetu hatukununua simu mara moja. Tulikwenda kwenye kabine, meza chini ya mwavuli, tukalipia dakika, na mwenye meza bado alisikia kila neno. Faragha ilikuja polepole, kila mtu alipopata simu yake na kujifunza kubipu. M-Pesa, iliyozaliwa Kenya mwaka 2007, ilifika kwetu mwaka 2012, na jambo ambalo foni haikuliweza ni hili: mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni anaweza kujiwekea dola zake bila kumjua mfanyabiashara yeyote mkubwa, na bila mume kujua, akitaka. Zamani asiyejulikana hakutumiwa kitu.

Hata hivyo, kinachohama kwenye simu ni tarakimu, nazo noti ni lazima zifike kwa wakala kwa njia ya kawaida. Mwanzoni mwa mwaka 2025, benki zilipofunga milango Goma na Bukavu kwa ajili ya vita, watu walikuwa na pesa simuni huku noti zikiadimika, na kuzitoa kukagharimu kupita ada iliyozoeleka. Wafanyabiashara wa kizazi cha baba yako wangeitambua hali hiyo mara moja: kwao pia agizo lilifika kwa dakika moja, lakini mlipaji asiyekuwa na noti sandukuni alimwambia mtu arudi wiki ijayo.

Na mashine iliyo chini ya kitanda? Ikiwa haijaingia maji, huenda bado inafanya kazi, maana vituo vya mbali vya afya na vya misheni vimeendelea kutumia za aina hiyo palipo mbali na minara. Lakini usiiwashe. Kurusha mawimbi kunahitaji kibali, na kwa nyakati hizi waya mrefu juu ya paa la Kadutu utakuletea wageni usiowataka. Kama betri ya zamani ingali imeunganishwa, itoe, kwa sababu asidi yake hula chuma, kisha mwombe baba akuandikie yale mafumbo ya bei kabla hajayasahau.