RNA imeshuka, protini bado ipo tele: nini kinaendelea ndani ya jani?

SWALI: Nimepima Rubisko (kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi katika usanisinuru) katika majani machanga, yaliyokomaa na yanayoanza kuwa manjano. Katika jani lililokomaa RNA mjumbe (nakala ya jeni yenye maagizo ya kutengeneza protini) imeshuka sana, lakini kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa, mstari wa protini hii bado ni mnene. Je, kipimo changu kina kasoro?

JIBU: Si lazima. RNA mjumbe inadokeza kinachotengenezwa sasa hivi. Mstari wa protini ni akiba iliyolimbikizwa tangu jani lilipoanza kutanuka. Rubisko hutengenezwa kwa wingi wakati huo, kisha kasi hupungua. Kwa kuwa huvunjwa polepole, akiba hubaki siku nyingi.

Halafu RNA yenyewe haitoi picha kamili. Rubisko moja ina vipande 16: vikubwa 8 hutengenezwa ndani ya kloroplasti (sehemu ya kijani ya seli inayofanya usanisinuru), na vidogo 8 hutokana na jeni za kwenye kiini cha seli, hutengenezwa nje ya kloroplasti na kuingizwa. Vidogo vikikosa vikubwa vya kuungana navyo, huvunjwa, hata kama RNA yake ipo ya kutosha.

Jani likianza kuwa manjano mambo hubadilika. Sehemu kubwa ya nitrojeni ya jani imo kwenye kloroplasti, na mmea hauiachi ipotee: protini huvunjwa, na asidi amino husafirishwa hadi kwenye majani machanga na mbegu. Baadhi ya Rubisko hufungwa kwenye vifuko vidogo na kupelekwa kwenye vakuoli, yaani kifuko kikubwa cha seli, ili ivunjwe humo. Kwa hiyo usitarajie dawa ya kuzuia proteasomu (mtambo mwingine wa seli wa kuvunja protini) peke yake ikuonyeshe yote.

Ninachokitilia shaka zaidi ni jeli yako. Ukiweka kiasi sawa cha protini katika kila kijia (safu ya sampuli moja kwenye jeli), utadanganyika, maana Rubisko inaweza kufikia nusu ya protini zote zinazoyeyuka katika jani. Ikipungua, nyingine zote zitaonekana zimepanda ilhali hazijaongezeka hata kidogo. Rudia kwa kuweka sampuli zinazotokana na uzito sawa wa jani bichi, kisha piga hesabu kwa eneo na kwa jani zima. Chuma sampuli zote saa ileile ya siku, kwa sababu mwanga nao huendesha jeni hizi.

Na ukitaka kutenganisha utengenezaji na uvunjaji, lisha mmea nitrojeni-15 (nitrojeni nzito kidogo inayotofautishika na ya kawaida) kwa muda mfupi, kisha fuatilia alama hiyo ndani ya Rubisko. Alama inayoingia hupima utengenezaji. Inavyopungua baada ya kuacha kulisha hupima uvunjaji.