Muulize Fundi Santuri: Baba alisema mwimbaji yule ni mweusi mwenzetu

SWALI: Shikamoo Babu Fundi. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli hapa hapa Tanga. Jumapili asubuhi, kabla ya chai, alikuwa anaweka kanda ya Charley Pride, mwimbaji wa kantri wa Marekani, na nyumba nzima inatulia. Alituambia mwimbaji yule ni mweusi mwenzetu, sisi tukadhani anatutania. Kaka yangu mpaka leo ameshikilia kwamba kantri ni muziki wa Wazungu wa kofia pana, na kwamba mzee alijipoteza kuacha taarab za nyumbani akasikiliza hayo. Nani mkweli? Na ni siku zipi kubwa katika historia ya muziki huo? Tena kanda yenyewe imetafunwa na redio mwezi uliopita, utepe umekatika.
Binti wa mtu wa reli, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Hakuwatania.

Charley Pride alizaliwa mwaka 1934 Sledge, Mississippi, kwa wazazi waliolima pamba kwenye shamba la mtu. Alicheza besiboli kabla ya kutegemea sauti yake. Mwaka 1966 kampuni ya RCA ilipotoa santuri zake za kwanza, ilizisambaza redioni bila picha yake, watu wakampenda kwa sikio kabla ya jicho. Mwaka huohuo akaitwa jukwaani Detroit, mbele ya maelfu. Jina lilipotajwa walipiga makofi. Alipotokeza, makofi yakakatika, ukumbi mzima ukawa kimya. Akatania kidogo kuhusu ngozi yake, kisha akaimba, nao wakamsikiliza mpaka mwisho. Mwaka 1971 chama cha muziki huo kule Nashville kikamtunuku kuwa mtumbuizaji bora wa mwaka. Mimi kila nikimsikia naufikiria ule ukimya wa Detroit, na koo lake lilivyokuwa wakati ule kabla hajatoa neno la kwanza.

Kaka yako naye nina maneno naye. Banjo, ile ngoma yenye shingo na nyuzi, asili yake Afrika Magharibi. Ilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa. Hank Williams, ambaye Wazungu wa kantri wanamtaja kwa heshima kubwa, alifundishwa gita na Rufus Payne, mweusi aliyekuwa akipiga barabarani kule Alabama. A.P. Carter, mwimbaji mwingine wa kantri, Mzungu, alipozunguka milimani kutafuta nyimbo za wazee, mara nyingi alifuatana na Lesley Riddle, mweusi aliyepoteza mguu mmoja kazini. Carter anaandika maneno, Riddle anaushika mwendo wa wimbo kichwani mpaka warudi nyumbani. Kwenye lebo za santuri, jina la Riddle hulioni.

Sasa siku ulizouliza. Mimi naanza na Julai na Agosti 1927. Ralph Peer, wa kampuni ya santuri ya Victor, alifika mji wa Bristol, ambao barabara yake kuu ndiyo mpaka wa Tennessee na Virginia. Akafunga mitambo kwenye jengo lililokuwa ghala la kofia. Kwa muda usiotimia wiki mbili alirekodi nyimbo 76. Tarehe 1 Agosti aliingia A.P. Carter na mkewe Sara na shemeji yao Maybelle, ambaye alikuwa na mimba kubwa. Huyo Maybelle msikilize vizuri siku ukipata nafasi. Kidole gumba chake kinachota wimbo kwenye nyuzi nene, na kidole kingine kinakwangua nyuzi nyembamba kuweka mdundo, gita moja linafanya kazi ya mawili. Vijana wananiletea magita hapa kibandani Ngamiani nikaze funguo, wakijaribu nyuzi nasikia mkono wa Maybelle, na wao hawamjui.

Tarehe 4 akaingia Jimmie Rodgers. Huyu ndiye ningependa mzee wako angemjua, maana alikuwa mtu wa reli, mfunga breki wa treni, mpaka kifua kikuu kilipomtoa kazini. Katika muda wa miaka sita tu baada ya hapo alijulikana Marekani nzima. Mei 1933 alirekodi New York akiwa amewekewa kitanda studioni. Anaimba wimbo, analala, anainuka anaimba mwingine. Siku mbili baadaye akafariki, ana miaka 35.

Mwaka 1928, miezi michache tu baada ya Bristol, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi. Shaaban Robert, mwana wa Tanga yetu hii, ndiye aliyeandika maisha yake. Baba yangu alikuwa na santuri moja ya Siti, nzito kama sahani ya udongo, na kwenye lebo yake mbwa ameinamia pembe ya gramafoni. Kampuni ya Victor ya Marekani ilitumia mbwa huyohuyo. Mwambie kaka yako: mwana wa masikini wa Fumba na mfunga breki wa Mississippi waliingia kwenye santuri karibu wakati mmoja, chini ya mbwa mmoja, na kabla yao waliofaa kusikilizwa mbali walikuwa wengine. Mzee alipotoka kwenye taarab za Siti akaenda kwa Charley Pride hakuvuka mbali.

Na muziki wenyewe ulitufuata huku. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alikuwa anarekodi nyimbo Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, Kenya. Santuri za Jimmie Rodgers zilikuwa zimewatangulia wenye mitambo. Wasichana wakamwimbia Tracey wimbo wa mtu aitwaye Chemirocha, ndivyo jina la Jimmie Rodgers lilivyotulia vinywani mwao, nusu mtu nusu swala, wakimwita aje acheze. Rodgers mwenyewe alikuwa amekufa miaka 17 nyuma.

Siku nyingine ni 10 Desemba 1927, redio ya WSM, Nashville. Kipindi kilichotangulia kilikuwa cha muziki wa okestra kubwa, na humo walipiga kipande cha kuigiza treni. Zamu ya muziki wa shamba ilipofika, mtangazaji George Hay akamtanguliza DeFord Bailey, mweusi mwenye kinanda cha mdomo, aliyeugua polio utotoni. Bailey akaipiga treni kwa pumzi: magurudumu, mvuke, honi inayokuja na kupita. Mtu wa reli angeifahamu bila kuambiwa. Baada ya hapo Hay akakipa kipindi jina la Grand Ole Opry, na kipo mpaka leo. Bailey alizunguka na wenzake akinyimwa vyumba kwenye hoteli walizolala wao. Mwaka 1941 wakamwondoa, akaishi kwa kung'arisha viatu Nashville hiyohiyo. Alifariki 1982. Waliliweka jina lake kwenye jumba la heshima la kantri mwaka 2005. Jambo hili linaniuma, na sitalificha.

Jim Reeves mnamjua wote, nampitia haraka: alikufa 31 Julai 1964 kwa ndege aliyoiendesha mwenyewe, na mkewe Mary akaendelea kuzitoa rekodi alizoacha, ndiyo maana wazee wenu walinunua nyimbo mpya za marehemu.

Kuhusu kanda, usiiguse na selotepu. Gundi yake inavuja, inakwenda kushika hedi, yaani kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, na kanda nyingine zote zitakazopita hapo zitaharibika. Usiuvute utepe, uzungushe taratibu kwa penseli mpaka ulegee, funga kwenye kitambaa safi uniletee. Nitaifungua, nikate ncha zote mbili mshazari kwa wembe, nizikutanishe, nibandike utepe maalumu upande wa mgongo, ule usiogusa hedi. Utepe wa kanda hupita karibu sentimita 5 kwa sekunde. Nikitoa sentimita 1 iliyotafunwa, kitakachopotea kwenye wimbo wa mzee wako ni sehemu ya tano ya sekunde.