Nimeposti nikipiga gitaa, komenti zimenimaliza

SWALI: Shikamoo anko. Mimi niko Kihonda, Morogoro, gitaa nimejifunzia YouTube tu, mwalimu sina, nina simu na bando la usiku. Juzi nikapiga wimbo mmoja wa dansi la zamani nikaurusha, jamani! Mara "umekosea kodi ya pili" (kodi za gitaa, zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja), mara "hilo gitaa halijatyuniwa", mwingine kacheka akapita zake. Na nilityuni na apu kabisa. Halafu YouTube nao wakanitumia meseji ya kopiraiti. Linki nimekutumia. Nifute tu? Hata kulishika gitaa naona aibu.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nimeiona, na usifute.

Tuanze na kutyuni. Apu yako iko sawa na huyo aliyekusema sikio lake nalo liko sawa. Nyimbo zile nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania kwenye tepu, watu wakazinasa kwenye kaseti, kaseti ikazaa kaseti, ndo mtu mmoja akaja kuipandisha YouTube, sasa deki ikizunguka haraka kwa asilimia 6 tu wimbo mzima unapanda nusu toni, sawa na kusogea freti moja kwenye shingo ya gitaa. Apu inakupa noti ya A ya mitetemo 440 kwa sekunde, rekodi iko juu yake, mtu aliyekulia na ile rekodi lazima aone umeshuka. Achana na apu, fuata wimbo. Sikiliza besi inapotulia mwisho wa ubeti, weka uzi mmoja sawa na hapo, halafu zilizobaki uzityuni kwa huo uzi. Ikiwa ni nusu toni kamili, funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya kwanza, kazi imeisha.

Kodi ya pili sasa. Hapo nimerudisha video mara kadhaa, mkono umeshika kodi ya ridhim, gitaa la mapigo, huku kidole cha mwisho kinakimbizana na solo, gitaa la melodi, kinachelewa, kodi inaachia. Bendi za dansi zina solo, sekond solo, ridhim na besi, kila mtu na lake, wewe unataka kuwa bendi nzima peke yako usiku kwenye simu! Chagua gitaa moja. Punguza spidi ya video iwe 0.75 au 0.5, sauti haishuki, inakwenda polepole tu. Na ukija kugusa nyimbo za Kikongo jihadhari na ile mi-composé, namna yao ya kufunga nyuzi, wale walitoa uzi wa nne wakaweka mwembamba uliotyuniwa oktava moja juu, kwa hiyo mistari yake mingine utaitafuta kwenye gitaa lako la kawaida mpaka kuche na hutaipata.

Huyo aliyesema kodi ya pili ndo mtu wako. Mjibu kwa adabu, muulize, mzee wangu, pale wewe unapiga nini? Anayejua atakuelekeza, pengine akutumie na video, asiyejua atapotea mwenyewe. Aliyecheka mwache acheke. Mji wenu ndo wa bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba bwana, wazee waliocheza dansi lile ukumbini bado wapo, na wengine siku hizi wana simu kama wewe. Ndo maana mimi wanaofuta video baada ya kusahihishwa wananikera, maana anafuta na maelezo ya watu waliokaa kumwandikia. Pini komenti juu useme dakika fulani nimekosea, inapigwa hivi, maana kuna mwingine Songea huko anajifunza kwako na hilo kosa atalibeba lilivyo.

Kopiraiti, isome tena hiyo meseji. Nyingi ni dai tu, video inabaki, hela ya matangazo kama ipo inaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Straiki, yaani onyo la adhabu, ndo mbaya, 3 ndani ya siku 90 chaneli inaweza kuondolewa. Ikiwa ni dai usianze kubishana eti "nimepiga mwenyewe", kupiga umepiga wewe lakini wimbo una mwenyewe, hapa kwetu sheria ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi mpaka miaka 50 baada ya kufa.

Safari ijayo rusha sekunde 20 tu, andika ni gitaa lipi unapiga na wapi una wasiwasi. Na simu iweke upande wa mkono wa kushoto, hii yako inaonyesha fulana na shimo la gitaa, vidole havionekani vizuri, mtu atakusahihishaje?