Siti ya upande wa kivuli

Ipagala, Dodoma

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na mara ya pili nikamwita baba yako naye asikie. Umeuliza kama wewe na mchumba wako Baraka mnaweza kuzunguka kwa mabasi mwezi wa kumi na moja, kila mtu na begi lake mgongoni, kutoka hapa Dodoma kwenda Kondoa, Babati, Singida na kurudi, au joto litawashinda na bora mkodi gari. Ukaniomba nikujibu kwa sauti. Sitaweza. Nikiongea peke yangu na simu najiona kama mgonjwa wa hospitali ya akili ya Mirembe. Naandika.

Joto nilimalize haraka. Novemba huku ni nyuzi 31, 32, nchi imekauka, inasubiri mvua. Wewe umezoea joto la Dar, lile linalokulowesha mpaka unajua kabisa kuwa unatoka jasho. La huku linakukausha kwa upepo, jasho hulioni, unakuja kushtuka kichwa kinagonga na mkojo umekuwa rangi ya chai. Kunyweni kabla ya kiu. Usiku mtapoa, hasa Singida, maana kule ni juu, karibu mita 1,500. Njia nzima ni lami siku hizi. Hiyo ya kutoka hapa kupitia Kondoa hadi Babati ilizinduliwa 2018. Ila mvua zikiwahi msikae Katesh kuutazama Mlima Hanang. Unakumbuka Desemba 2023 tope lilivyowashukia wale watu.

Jambo la kuangalia ni siti. Kondoa iko kaskazini, kwa hiyo asubuhi jua linapiga upande wa dereva. Kaeni upande wa mlango. Mkiondoka mchana, geuzeni. Mkirudi kutoka Singida asubuhi, upande wa dereva ndio wenye nafuu. Msikubali siti za nyuma kabisa, zitawarusha hata kwenye lami, kila tuta mtalihesabu kwa kiuno. Na tiketi msikate dakika ya mwisho kwa wapiga debe. Kivuli hununuliwa asubuhi. Najua mmeichoka hiyo, wewe na kaka yako mnaisema kwa sauti yangu halafu mnacheka. Chekeni. Mimi niliinunua siti ya kivuli mwaka 1993, na sikuikalia.

Mnajua kwamba tulikwenda Kondoa baada ya harusi, picha ile ya pale sebuleni mmeiona tangu mnatambaa. Ambacho hatukuwaambia vizuri ni safari yenyewe. Tulikuwa na wiki sita za ndoa. Baba yako alitaka kunipeleka kwa shangazi zake wanione, halafu tupitilize mpaka Kolo tukaone michoro ya kwenye miamba, kutembea tu. Bibi yako wa Mvumi aliuliza nani kafa. Tukasema hakuna. Akauliza tena, polepole, kama tunamficha. Wakati ule mtu hakupanda basi na joto lile bila msiba, harusi au barua ya uhamisho. Kwa hiyo nikisikia wewe na mwenzako mnataka kwenda kuzunguka tu, siwezi kujifanya nashangaa. Shangazi yako mkubwa akijua mnasafiri kabla ya ndoa ya Januari, hata kama mahari imeshapokelewa, atakuja hapa na kanga mbili na maneno. Mimi sijasikia kitu.

Basi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili. Mimi nilikuwa stendi tangu saa kumi alfajiri, na begi la shangazi kaja, na dumu la maji la lita tano nililochemsha usiku na kulichuja kwa kitambaa. Nilipata siti mbili upande wa mlango, mimi dirishani. Baba yako alikuja baadaye akichechemea, maana goti alikuwa ameliumiza kwenye mechi ya walimu na wanafunzi. Nilimwonyesha siti kama mtu anayeonyesha nyumba aliyojenga.

Tulipofika Mayamaya akapanda mama mmoja na kichanga mgongoni, mtoto mwingine kamshika mkono, na kuku wawili wamefungwa miguu. Basi lilikuwa limejaa, watu wamesimama mpaka mlangoni. Baba yako akainua macho, akasema, "Mama, njoo ukae hapa. Mke wangu bado kijana, atasimama."

Neema, hakunitazama. Alisema kama mtu anayesogeza begi.

Nikainuka. Ungefanyaje, mtu mwenye kichanga yuko mbele yako na basi zima linaangalia? Nikasimama, mguu mmoja huku na mmoja kule, katikati gunia la mtama, jua la upande wa dereva linanipiga usoni. Yule mama akakaa dirishani kwangu, kwenye kivuli changu, na kabla hatujafika Haneti amelala. Kichwa kikamwangukia baba yako begani. Akakiacha hapo. Mpaka leo nikimuuliza anasema, "Sasa ningemwamsha?"

Haneti gari likachemsha. Utingo akafungua rejeta kwa gunia lililolowa, mvuke ukaruka mita mbili, akarudi mlangoni akiita, "Mwenye maji jamani, tusaidiane!" Basi likawa kimya. Watu wenye madumu wakaanza kutazama mibuyu nje kama hawajawahi kuiona. Baba yako akainua dumu letu juu ya vichwa vya watu, likapitishwa mkono kwa mkono. Rejeta ikanywa lita tano zote. Mimi sikuwa nimeonja hata tone, nilikuwa nalibania la mchana.

Sasa najua utakachosema, kwa sababu hata mimi nimejiambia mara nyingi. Bila maji yale tungelala porini. Yule mama alikuwa na kichanga cha wiki chache. Goti la baba yako lilikuwa limevimba kweli, mimi mwenyewe nililikanda kwa maji ya chumvi. Yote sawa. Halafu najijibu: lakini wale walionyamaza walifika Kondoa kwa maji yangu, na madumu yao yamejaa. Na ukarimu wa kutoa cha mwenzio si kazi ngumu. Halafu najijibu tena kwamba tulikuwa mke na mume, changu kilikuwa chake. Hapo ndipo huwa nakasirika upya, maana kama changu ni chake, basi na macho yangu ni yake, angeyatafuta. Angenitazama tu. Sekunde moja. Ningesema ndiyo kabla hajamaliza.

Tulifika Kondoa jua linazama. Kilomita mia na sitini hivi, siku nzima. Ninyi mtazimaliza kabla ya chai ya saa nne kama basi halisimami sana. Yule mama aliamka, akachukua kuku wake, akashuka. Hakusema ahsante, na sidhani kama alijua siti ilikuwa ya nani. Huyo simlaumu.

Kwa shangazi za baba yako nilikaa siku mbili simsemeshi yeye. Nilikula, nikapokea salamu, nikasaidia kuchambua mboga, nikasifiwa kwamba ni mpole. Wakamwambia amepata mke asiye na maneno.

Siku ya tatu tukadandia pikapu mpaka Kolo, tukajiandikisha, tukapewa mzee wa kutuongoza. Ninyi mtakuta mambo yamebadilika, pale pameingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na bodaboda itawafikisha karibu. Kupanda kwenyewe hakujabadilika, jabali ni jabali. Nendeni asubuhi. Kivuli hununuliwa asubuhi, na pale juu mnakuta kipo, mwamba umejitokeza kama baraza la nyumba. Ukutani kuna wanyama na watu wamechorwa kwa rangi nyekundu, watu wembamba kama njiti, vichwa vyao vikubwa. Zaidi ya vituo mia na hamsini vyenye michoro viko kwenye milima ile. Baba yako, na ualimu wake wa historia, alianza kunieleza habari za Mary Leakey aliyekuja kuinakili michoro mwaka 1951, na habari za mababu wa Wasandawe. Mimi kimya. Anaelezea mwamba.

Halafu mzee akatuonyesha mchoro mmoja. Mtu yuko katikati, wengine wamemshika mkono wa huku, wengine wa kule. Mzee akasema wapo wanaosema huyo ni mwanamke anatekwa na wenzake wanamng'ang'ania, na wapo wanaosema ni ngoma ya uganga, hakuna anayetekwa. Baba yako akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu bahati, "Wewe unaonaje?"

Nikasema, "Wanagombea siti yake."

Sikupanga kusema. Lilitoka. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini na goti lake bovu, na mimi nikaanza, na tulipotazamana ikawa mbaya zaidi. Yule mzee akatukanya kwa upole. Pale ni mahali pa matambiko, Warangi bado walikuwa wanapanda kuomba mvua na uzima, huwezi kwenda kucheka mbele ya miamba ya watu kama uko kilabuni. Tukaomba radhi. Tukashuka tunaumana midomo kama watoto wa shule.

Miaka yote hii nimeisimulia hivyo, na wewe umesikia kipande cha kucheka tu. Lakini juzi, baada ya kusikiliza ujumbe wako, nikamwambia baba yako, unakumbuka Mayamaya, uliposema mke wangu bado kijana atasimama? Akaweka kikombe chini. Akasema, "Mama Neema, ni wewe uliyesema." Nikasema nini? Akasema, "Mimi niliinuka, ukanirudisha kwa sababu ya goti. Ukamwambia yule mama: kaa hapa, mimi bado kijana, nitasimama."

Maneno yaleyale, Neema, ila anayatoa kinywani mwangu.

Nimebishana naye siku tatu. Yeye habishani, ndiyo tabia yake, anasema tu "haya" na kurudi kwenye redio. Na jana usiku nililala macho nikijaribu kuusikia mdomo wangu unasema. Wakati mwingine nausikia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nataka kuonekana mke mwema mbele ya watu, ningeweza kusema kitu kama hicho. Lakini kichwa begani nakikumbuka vizuri, na jua nalikumbuka, na dumu lile hata yeye halikatai. Na kama nilisema mwenyewe, basi siku mbili nilimnunia mtu kwa kosa langu? Hapana. Alisema yeye. Nadhani.

Sasa kuhusu gari. Gari la kukodi lina kiyoyozi na viti ni vyenu, hakuna atakayepanda Mayamaya na kuku. Mtafika mmenukia sabuni. Kwenye basi mtabanwa, mtasimama kuchimba dawa porini wewe na wanawake wengine nyuma ya kichaka kimoja, na atapanda mtu ambaye itabidi mmoja wenu amwinukie. Basi ni bora, nilitaka kukwambia hivyo tangu mstari wa kwanza. Lakini kichwa chako ni chako, na pesa ni zenu. Sitakuamulia.

Na Baraka pia sitakuamulia, ingawa umezunguka mbali sana kuniuliza habari za joto. Mimi ni mama yako, naona swali lililo nyuma ya swali. Nitasema hiki tu. Pasaka alipokuja, wewe uliingia jikoni kuleta chai, na mama wa jirani akaingia akakosa pa kukaa. Baraka akampa kiti chako. Uliporudi na sinia mkononi mimi nilikuwa namtazama yeye usoni, sikuwa natazama kiti. Nilichoona nimekiona. Baba yako alinikanyaga mguu chini ya meza siku ile, na hata sasa ameketi hapa anakohoa. Basi nanyamaza. Wewe ndiye utakayekaa naye siku nane, mtazame mwenyewe.

Mkipita Manyoni niletee asali, lita moja, uionje kwanza kabla ya kulipa. Singida mle kuku, msile kitu kingine. Maji kila mtu abebe yake, dumu moja la wawili lina mambo yake.

Baba yako anasalimu. Amesoma mpaka hapa kwa juu ya bega langu na anataka niongeze kwamba kweli aliinuka, na kwamba goti lilikuwa la kushoto. Nimemwambia kalamu ziko kwenye droo, aandike barua yake.

Mama yako