Umbali wa Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege

Ndugu, umeuliza ni kilomita ngapi na saa ngapi angani kutoka Kiwanja cha Julius Nyerere hadi Mwanza. Umbali wa moja kwa moja ni takriban kilomita 850, ilhali basi linalopita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga hutembea zaidi ya kilomita 1,100, kwa kuwa barabara hufuata miji.

Kwa ndege ya jeti, safari huchukua kama saa moja na nusu. Usishangae ukigawanya 850 kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa ukapata muda mfupi zaidi ya huo, kwa sababu ndege hufikia mwendo huo ikishapanda juu tu, na muda unaoandikwa kwenye tiketi hujumuisha pia kutembea kwake ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua. Ndege ya pangaboi, kama vile Q400, huwa nyuma kidogo, ingawa kwa masafa haya tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani.

Jambo la kuangalia zaidi ni kama ndege inakwenda moja kwa moja. Ikipitia Kilimanjaro, njia yenyewe huongezeka kwa kilomita 70 hivi tu, lakini kushuka, kusubiri abiria na kuruka tena ndiko kunakokula muda.